Kiwiko cha Salme

Kinamasi kinapumua. Usidhani natunga.
Mvua ikinyesha kinavimba, jua likikaza kinanywea,
milimita saba juu, milimita nne chini,
na kijiti changu cha chuma, nilichokichomeka kwenye kuvumwani,
huandika kila robo saa, usiku na mchana,
kama karani asiyejua likizo.

Baba alikichimba miaka thelathini na mmoja.
Alikata mboji kwa trekta, akaianika, akaipeleka kiwandani
ikabanwa matofali ya kuchoma,
na kila majira ya baridi nusu ya wilaya iliota moto wa udongo ule.
Vumbi lake lilimfuata nyumbani: masikioni, kwenye supu,
na, alisema daktari wa Pärnu, kwenye mapafu.

Mwishoni wakampa mashine ya kulalia.
Barakoa, bomba, kisanduku kinachonguruma kando ya kitanda.
Mama akaiita kimada.
Alipokufa, mwezi wa Machi, theluji haijaamua bado kuondoka,
nilikuta kadi ndani ya kisanduku, ndogo kama ukucha:
usiku elfu moja mia mbili na sita,
pumzi kwa pumzi.

Ndiyo kazi yangu, kugeuza namba kuwa sauti.
Watu huniuliza kama ni muziki. Sijui.
Ni kama kumsomea mtu barua yake: maneno si yako,
koo ni lako.
Kinamasi nilikipa sauti nzito ya chini,
ile inayofika mbavuni kabla ya masikio.
Baba nikampa upepo ndani ya filimbi ya mbao.
Kulikuwa na mapengo. Sekunde tisa, kumi, tisa,
mara moja arobaini na tatu, hakuna kitu,
mstari umetulia kama maji mtungini.
Nikadhani hitilafu. Nikayaziba kwa wastani
wa pumzi iliyotangulia na pumzi iliyofuata,
fundi na lipu yake, na lipu ikang'aa.

Tulifungua Oktoba, katika ghala la zamani la mboji.
Spika kumi na sita, mabenchi, mablanketi.
Mama alikuja na viatu vya kanisani, akaketi mbele,
akasikiliza dakika ishirini bila kufungua koti.
Kisha akaniita kwa kidole.

"Huyu nani?"
"Baba."
"Siye. Kaljo hakupumua vizuri hivi hata siku ya harusi.
Alikuwa anakoma, Leelo. Hata yule kimada hakumweza.
Katikati ya usiku anakoma,
nami naamka kwa kile kimya, si kwa kukoroma,
nahesabu, nikifika tisa
nampiga kiwiko.
Ndipo anarudi.
Nani kaiba kimya changu?"

Usiku ule nilibomoa lipu yote.
Mapengo yakarudi mahali pake,
na kila moja likifika, kinamasi hubaki peke yake,
kimeshikilia noti yake
kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi.

Sasa Mama huja Jumamosi, benchi lile lile.
Pengo likianza ghala zima hubana pumzi, hata watoto.
Midomo yake inahesabu.
Akifika tisa kiwiko kinamgonga aliyekaa kushoto,
mgeni yeyote, mtalii wa watu na blanketi lake,
na filimbi inarudi.

Lile la arobaini na tatu nilitazama tarehe yake.
Novemba kumi na nne. Mama alikuwa Viljandi
kwa dada yake aliyevunjika nyonga.

Sijamwambia.
Sikulifuta pia. Nimeliweka saa tisa ya usiku,
ghala limefungwa, linasikiwa na panya na mabati.
Mara moja tu nilibaki kulisikiliza.
Nilipofika tisa kiwiko changu kilisogea chenyewe,
hakikugusa mtu.
Nikaendelea kuhesabu.